Wiki moja Ngamiani, kwa ratiba ya mama

Shule zikifungwa mwezi wa sita, wazazi tunaanza hesabu. Nauli, chakula, mahali pa kulala, na lile swali la watoto: tunakwenda wapi? Safari hii jibu letu lilikuwa Tanga, nyumbani kwa mama yangu, Ngamiani. Hela ilikuwa sababu mojawapo, sikatai. Lakini ilikuwapo sababu nyingine. Mama ametimiza miaka 78. Binti wa jirani humsaidia kazi za asubuhi, usiku hulala peke yake, na mwezi wa nne aliteleza bafuni akaumia nyonga. Hakuvunjika, ila simu za usiku ule zilitutosha. Sisi watoto wake tuko wanne, na kwenye kundi letu la WhatsApp uamuzi ulikuwa kama umeshapita: mama aletwe Dar es Salaam, akae kwangu, maana mimi ndiye mwenye chumba cha ziada. Nikaomba jambo moja tu, kwamba kabla hajahamishwa nikakae naye wiki nzima niione siku yake inavyokwenda, toka alfajiri mpaka anapozima taa.

Kutoka Dar hadi Tanga ni kama kilomita 350. Basi linapita Chalinze, linapanda kaskazini mpaka Segera, na hapo linaiacha njia ya Moshi na kukata kulia kuelekea baharini. Kuanzia hapo watoto wakiangalia dirishani wana cha kuona: mashamba ya mkonge yaliyonyooka kwa mistari, halafu Muheza na machungwa yake. Juni ni msimu, basi likisimama tu matunda yanakuja mpaka dirishani. Mkonge nao una habari ambayo mwanangu wa darasa la tano aliipenda. Mmea huo si wa kwetu asili. Uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani aitwaye Richard Hindorf. Miche 1,000 iliagizwa kutoka Florida, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Mashamba makubwa ya Tanga yalianzia kwenye hiyo 62. Tulipofika kwa bibi yake, kitu cha kwanza alichokwenda kukishika ni kamba ya kuanikia nguo uani, ambayo ni ya katani. Mama hataki ya plastiki. Anasema plastiki inateleza, bali katani ina vinyuzi vinavyoishika nguo hata upepo wa kusi ukivuma.

Kwa wasioijua, Ngamiani ni eneo la Tanga lililopangwa kama daftari la hesabu. Barabara zake zinaitwa kwa namba, zimenyooka, na mji wenyewe ni tambarare, ndiyo maana baiskeli zimejaa kila pembe. Nyumba nyingi za zamani ni za umbo moja: baraza mbele, korido katikati, vyumba pande mbili, na nyuma uani kwenye jiko, bafu na kamba za nguo. Ya mama ni hiyohiyo. Kwa mtu wa mjini aliyezoea sofa na runinga, saa ya kwanza unaweza kudhani hakuna kitu ndani.

Sasa niseme jambo ambalo bila hilo mengine hayataeleweka. Mama haoni vizuri. Jicho la kulia lilifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, linamsaidia kiasi. La kushoto limeharibiwa na presha ya macho, na kwa ugonjwa huo kilichopotea hakirudi. Daktari wake alituambia dawa ya matone ni ya kulinda kilichobaki. Kwa hiyo mnaposoma hapa chini habari za ufagio na kifuu cha nazi, mkumbuke ni mtu anayeviona kwa mikono kuliko kwa macho.

Siku yake inaanza kabla ya adhana ya alfajiri. Akishaswali anafagia uani kwa ufagio wa chelewa. Siku ya kwanza nilimwambia, "Mama, mwachie huyu binti afagie." Akanijibu, "Afagie barazani. Huku kwangu ataniharibia." Nikakaa kwenye kigoda nikamtazama. Anaanzia kwenye mlango wa jiko, anakwenda kwa mistari kama mtu anayelima matuta, na ufagio ukigusa kitu kisicho cha kawaida anainama kukipapasa. Jiwe, kizibo cha soda, kipande cha kiatu cha mtoto wangu. Alipomaliza alikuwa ameshajua kila kilichobadilika tangu jana yake. Mchanga ukabaki na michoro ya chelewa kama mawimbi, na binti yangu, mwenye miaka saba, akaambiwa asiikanyage mpaka chai iive. Kwa mtoto huo ulikuwa mchezo, na kila asubuhi aliamka mapema ili awe wa kwanza kuikanyaga.

Chai ni ya tangawizi, kwenye jiko la mkaa. Vitumbua vinatoka nyumba ya tatu, kwa mama mmoja anayeloweka mchele usiku na kuanza kukaanga saa kumi na moja na nusu. Hapo kuna utaratibu ambao watoto wangu hawakuwa wanaujua: bakuli halirudi tupu. Likija na vitumbua, linarudi na machungwa mawili, au chumvi, au majani ya mchaichai, au hata ndimu moja. Mwanangu wa kiume ndiye aliyekuwa mpeleka bakuli wa wiki hiyo. Siku ya tatu alirudi akiwa na swali: "Mama, sasa nani anamdai nani?" Bibi yake alicheka mpaka akashika ubavu. Kwa kawaida humwita "mume wangu", utani wa bibi na mjukuu kama mnavyoujua. Akamwambia, "Mume wangu, ukishajua hesabu hiyo hutakuwa na jirani tena."

Saa nne ni zamu ya nazi, na hapa naomba mnivumilie kidogo, kwa sababu nyumbani kwangu tui ni la pakiti, na sikuwa nimekaa kuangalia kazi hii tangu nilipoolewa.

Nazi inawekwa kiganjani na kupigwa katikati kwa mgongo wa kisu kizito, huku inazungushwa. Pigo la tatu au la nne inafunguka, na maji yanakingwa bakulini. Mtoto aliye karibu zaidi ndiye mwenye hayo maji; hiyo ni sheria ya nyumba hiyo tangu sisi tukiwa wadogo. Halafu inakuja mbuzi. Ni kibao cha kukunja chenye ulimi wa chuma wenye meno, na cha mama kimelainika mahali pa kukalia kama jiwe la mtoni. Ukikaa, ulimi unatokea mbele yako, unashika kifuu kwa mikono miwili na kukizungusha kwenye meno. Sinia chini linapokea unga mweupe.

Mama alimkalisha binti yangu, akakaa nyuma yake, akaweka mikono yake juu ya mikono ya mtoto. Ukikuna vizuri sauti ni laini, kama mtu anayetembea kwenye mchanga mkavu. Ukikaribia ganda sauti inakwaruza. Ukiendelea hapo, unakuna na ngozi ya kahawia, na tui linapata rangi. Mama hakuwa anaangalia kabisa. Alikuwa ameelekeza uso uani, kwa jirani, akiongea habari za bei ya mkaa, na katikati ya mazungumzo anasema, "Hapo, geuza." Mtoto anageuza. "Hapo tena." Siku ya nne mtoto aliweza kukuna nusu nzima peke yake, na alipofika kwenye ganda alisema mwenyewe kwa sauti ya bibi yake, "Hapo, geuza."

Kisha inamiminwa maji ya vuguvugu, inakamuliwa kwa kifumbu, tui zito linawekwa kando. Inarudiwa kupata tui jepesi, na hilo ndilo linaloanza kuchemka na mchicha au samaki. Zito linaingia mwisho, na ukishalitia usiache kukoroga, lisije likakatika. Machicha yanakwenda kwa kuku wa jirani. Vifuu vinakaushwa, vinawashia moto wa kesho. Hakuna kilichotupwa. Mimi mwenyewe napenda jiko langu la gesi na silikani, moshi wa mkaa si kitu cha kusifu, hasa kwa kifua cha mtu mzima. Lakini kazi ya nazi ilichukua kama dakika arobaini, na katika dakika hizo hakuna mtoto aliyeniuliza simu iko wapi.

Samaki ndio walionipa mshangao. Mama hununua kwa kijana mmoja mwenye baiskeli anayetoka Deep Sea, pale wavuvi wanapoteremsha samaki. Nilimkuta anapanga siku za kupika samaki kwa kutaja mwezi. "Leo mwezi ni wa ngapi?" anauliza, halafu anahesabu kwa vidole. Mwanangu akataka kujua kwa nini, na bibi yake akamfundisha kitu ambacho bahari yote ya pwani yetu inakifuata. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa, takriban dakika 50. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndipo kuna bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana. Katikati ni maji mafu, yanayocheza kidogo tu. Na huku kwetu, siku za bamvua maji yanapwa sana karibu na saa nne au tano asubuhi, kisha alasiri yanarudi mpaka juu.

Alhamisi tulikwenda kuhakikisha, upande wa Raskazone, kwa bajaji. Mtoto alikuwa ameandika kwenye daftari saa aliyotabiri. Tulikaa juu ya mizizi ya mti tukisubiri, machungwa mkononi, kisiwa cha Toten kiko mbele yetu katikati ya ghuba, na ngalawa mbili zimelala ubavu kwenye matope. Tuliweka kijiti mahali maji yalipoishia. Alikosea kwa dakika kama ishirini hivi. Akaandika na kosa lake, akaendelea kuandika kila siku mpaka tunaondoka. Wazazi mnaotafuta kitu cha kufanya na mtoto wa umri huo pwani, kijiti na daftari havina kiingilio.

Mchana sina mengi ya kusema. Mkeka unatandikwa koridoni ambako upepo unapita, mkeka wa ukindu wenye mistari ya rangi ya zambarau iliyofifia, na watu wanalala. Mama hujifunika kanga. Anazo nyingi, na kwa vile hawezi tena kusoma maandishi, anazitambua kwa ugumu wa kitambaa na kwa mshono wa pindo. Nilimjaribu kwa tatu. Zote alizipata, jina la kila moja na aliyempa. Moja ilikuwa ya arusi yangu.

Jioni ni barazani. Baada ya alasiri maji yananyunyizwa mbele ya nyumba kutuliza vumbi, na mama anatoka na kigoda chake na redio. Redio ni ya saa ya matangazo ya vifo, wakati huo hakuna anayeruhusiwa kuongea. Muuza kahawa anapita na dele lake, mkaa unawaka chini yake, vikombe vinagongana mkononi. Anajua kwamba mama hanywi zaidi ya kikombe kimoja kwa sababu ya presha, na kwamba cha pili ataomba, na kwamba asimpe. Anampa kashata ya karanga badala yake. Mchezo huo wanaucheza kila jioni, na wote wawili wanaufurahia.

Jumatano niliamua kuhesabu. Toka saa kumi jioni mpaka adhana ya isha, watu 31 walimsalimia mama kwa kusimama, siwahesabu waliopunga mkono wakiwa kwenye baiskeli. Na jambo la kuangalia ni kwamba karibu wote alianza yeye kuwataja kabla hawajafika: huyu kwa mwendo wa ndala, yule kwa kengele ya baiskeli, mwingine kwa kikohozi. Mwanafunzi mmoja alipita kimya, mama akasema, "Wewe, mbona leo umechelewa?" Mtoto akarudi akaamkia, "Shikamoo bibi," akajieleza kwamba walikuwa na mtihani.

Nilikaa pale nikipiga hesabu ya kwangu. Mimi ninaishi ghorofa ya tatu, ngazi 54. Kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa moja usiku nyumba yangu haina mtu, isipokuwa dada wa kazi. Jirani wa mlango unaotazamana na wangu namjua kwa gari lake. Mama akija, mlango wa jiko hautakuwa mahali mkono wake unapodhania, uani hakupo, na hakuna atakayepita mbele yake. Kule Ngamiani ni mtu mwenye macho hafifu. Kwangu angekuwa kipofu. Tofauti hiyo sikuipata kwa daktari, niliipata kwenye ufagio na nazi.

Lakini sitaki niwadanganye kwamba kila kitu kule ni asali. Jumamosi usiku umeme ulikatika, na nikamwona anapapasa ukuta kwenda msalani, sakafu ina maji, na moyo wangu ukasimama. Vidonge vyake vya presha anavigawa kwa kuviweka kwenye vikombe viwili vya kahawa, cha asubuhi chenye mpini uliovunjika na cha jioni kizima. Utaratibu mzuri, mpaka siku mtu atakapoosha vyombo na kuvibadilisha. Na ile wiki ya kuanguka, alikaa chini kama saa nzima kabla binti wa jirani hajafika. Kaka yangu aliposema, "Mambo ya vitumbua ni mazuri, lakini nyonga ikivunjika utawaambia nini watu?" hakuwa anasema upuuzi.

Usiku wa mwisho nilimwambia mama wazi. Tulikuwa uani, watoto wamelala.

"Mama, wenzangu wanataka uje Dar."

"Najua. Mdogo wako keshanipigia mara tatu."

"Na wewe unasemaje?"

Akanyamaza, akawa anakusanya vifuu kwenye ndoo. Akaniuliza, "Huko kwako, asubuhi nikiamka, kazi yangu itakuwa ipi?"

Nikamwambia hatakuwa na kazi, atapumzika.

"Basi mwanangu, mgonjwa ndiye hana kazi. Mie bado sijawa mgonjwa."

Sikumjibu. Nilichukua daftari la mwanangu, upande wa nyuma wa jedwali la maji kujaa na kupwa, tukaandika pamoja yanayowezekana. Bafuni kuwekwe chuma cha kushikia na mpira chini. Taa za kuchaji zenye kuwaka zenyewe umeme ukikatika, tatu: chumbani, koridoni na msalani. Binti wa jirani ahamie chumba cha mbele alale hapo, na ada yake ya chuo tuilipe sisi wanne kwa zamu. Vidonge viwekwe kwenye kile kisanduku chenye vyumba vya siku saba, ila mama akaomba kishonewe uzi upande wa jioni ili vidole vijue. Simu ya vibonye ivaliwe shingoni. Mkaa ubaki kwa chai tu, mengine gesi. Hapo pa gesi tulibishana sana, na bado hatujamaliza.

Nilituma picha ya ukurasa huo kwenye kundi. Dada alikubali siku hiyohiyo. Mdogo wetu aliye Mwanza akatuma hela ya taa bila kusema neno. Kaka bado. Ameandika kwamba anakubali mpaka Desemba, na akisikia ameanguka tena anakwenda kumchukua mwenyewe. Mama alisomewa ujumbe huo. Akasema, "Ana haki, ni mwanangu."

Chuma cha bafuni kilifungwa wiki iliyofuata na fundi wa mtaani, na mama alipiga simu kulalamika kwamba ni cha baridi asubuhi. Sasa amekizungushia kipande cha kanga kuukuu.

Desemba tunakwenda tena, na kaka anakuja na wanawe. Mwanangu ameshapata kalenda yenye alama za mwezi. Ananisumbua tupange tarehe tufike siku mbili baada ya mwezi mpevu, kwa sababu amewaahidi binamu zake kwamba saa tano asubuhi atawaonyesha mchanga ambao siku nyingine uko chini ya maji. Binti yangu yeye ameuliza kama mbuzi ya bibi inaweza kubebwa kwenye basi. Nimempigia bibi yake kumuuliza. Amesema hiyo haitoki pale, lakini sokoni Ngamiani zinauzwa mpya, na atamchagulia mwenyewe kwa kupapasa meno.